Kibali cha mwenza Ujerumani kikikwama: faili liko meza ya nani?

Anayesubiri viza ya kumfuata mumewe au mkewe Ujerumani huuandikia ubalozi kila baada ya wiki mbili, na kila mara hujibiwa kwamba maombi bado yanashughulikiwa. Jibu ni la kweli, ila halimsaidii, kwa sababu mara nyingi faili lilishaondoka ubalozini. Liko kwa Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni ya mji au wilaya anakoishi mwenza, na ubalozi unangoja ridhaa ya ofisi hiyo ndipo utoe viza. Kabla ya kulalamika, kutafuta wakili au kumsumbua mjomba aliyeko Hamburg, jua kwanza faili liko wapi.

Njia yenyewe ni hii. Tangu Januari 2025 maombi ya viza za muda mrefu, ikiwemo ya kuungana na familia, yanaweza kupelekwa kupitia tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Unajaza fomu, unapakia hati, watumishi wanazipitia na kukuambia kilichopungua, kisha unapewa miadi ya kufika na hati halisi na kuacha alama za vidole. Ada ni euro 75, ila mwenza wa raia wa Ujerumani hatozwi. Wengi huhesabu miezi ya kusubiri kuanzia siku waliyobonyeza kitufe cha kutuma. Ni salama zaidi kuhesabu kuanzia siku ya miadi, kwa sababu risiti ya siku hiyo haibishaniwi na mtu. Itunze, ipige picha, na mtumie mwenza nakala.

Baada ya miadi, kazi kubwa ni ya yule aliyeko Ujerumani. Yeye ndiye mkazi wa mji ule, ndiye mwenye anwani, na ofisi ya wageni inamjua. Wiki chache baada ya miadi, aiandikie ofisi hiyo barua pepe fupi: jina kamili la mwombaji kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, uraia, ubalozi ulikopelekwa ombi, tarehe ya miadi, na namba ya ombi iliyo kwenye risiti. Kisha aulize mambo matatu tu: faili limefika? Kuna hati inayokosekana? Namba yenu ya faili ni ipi? Hiyo namba ya ndani, Aktenzeichen, ni dhahabu. Bila hiyo kila barua yako inaanza upya kwa karani mwingine. Ukiwa nayo, inaingizwa kwenye faili moja kwa moja. Usiandike kurasa tatu kuhusu mateso ya kutengana. Karani atakayeifungua ana mamia ya faili, na barua anayoweza kuijibu kwa sentensi mbili ndiyo anayoijibu.

Ofisi ya wageni inakagua nini? Inategemea mwenza ni nani. Akiwa raia wa Ujerumani, kipato kwa kawaida si kikwazo. Akiwa mgeni mwenye kibali, kwa kawaida ofisi inataka kuona kwamba familia itajitegemea na ina mahali pa kukaa: mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi ya karibuni, mkataba wa pango. Kipimo cha nyumba kinachotumika kwa kawaida ni mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyetimiza miaka 6, na 10 kwa mtoto aliye chini ya hapo. Chumba kimoja cha mita 18 cha mwanafunzi hakitoshi kwa wawili kwa hesabu hiyo, na wengi hukwama hapo bila kuambiwa waziwazi.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa ambayo ni ndogo mpaka inachekesha: sanduku la barua. Ofisi za Ujerumani bado zinaandika barua za karatasi, na tarishi huzipeleka kwa kufuata jina lililobandikwa kwenye sanduku. Anayepanga chumba ndani ya nyumba ya mwingine na hakubandika jina lake, barua ya "tuletee mkataba wa kazi ndani ya wiki nne" inarudi ilikotoka. Ofisi inaona hajajibu. Yeye anaona ofisi imelala. Miezi inakatika. Bandika jina, na ukihama, toa taarifa kwa ofisi ya wageni pia. Ukihamia mji mwingine ni kisa kingine kabisa: faili linapaswa kuhamia ofisi ya mji mpya, na foleni inaanza upya. Kama unaweza kuahirisha kuhama mpaka ridhaa itolewe, ahirisha.

Ipo njia ya kuanzia upande wa Ujerumani badala ya ubalozini. Kanuni za ukaazi zinairuhusu ofisi ya wageni kutoa ridhaa ya mapema, Vorabzustimmung, kabla ombi halijapelekwa ubalozini. Mwenza anapeleka hati zote kwa ofisi ya mji wake. Ikikubali, ubalozi haulazimiki kungoja. Ni hiari ya ofisi, na ofisi zilizoelemewa hukataa bila kufikiri mara mbili. Lakini mwenye sababu ya haraka inayoonekana kwenye karatasi, kama ujauzito wenye cheti cha daktari, aombe. Na kama mwenza ndiyo kwanza anaajiriwa kama mtaalamu kutoka nje, mwajiri anaweza kutumia utaratibu wa haraka wa wataalamu, wenye ada ya euro 411, na mke au mume na watoto wanaweza kuingizwa humo ikiwa maombi yao yanapelekwa pamoja na lake au karibu na wakati huo. Ukiachwa nyuma "utafuata baadaye" kwa muda mrefu, nafasi hiyo inaweza kukupita.

Hati za nyumbani

Tukisema ukweli, ucheleweshaji mrefu kuliko wote hauzalishwi na uvivu wa mtu. Unatoka kwenye vyeti. Kwa Kenya, Uganda na Kongo, Ujerumani imesitisha kuhalalisha hati kwa kugonga muhuri wa ubalozi, kwa hoja kwamba haiwezi kuziamini kwa kuziangalia tu. Badala yake, ofisi ikiwa na shaka, ubalozi humtuma wakili wake anayeaminika kwenda kuuliza: kwa msajili, shuleni, hospitalini, kanisani au msikitini, kwa chifu, kwa majirani. Gharama analipa mwombaji, na kazi hiyo hula miezi.

Shaka huamshwa na mambo yaleyale kila siku. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mtu akiwa na miaka 30, wiki chache kabla ya ombi. Majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye cheti cha ndoa, au jina la babu limeruka mahali. Tarehe ya kuzaliwa ya cheti cha shule isiyolingana na ya pasipoti. Afrika Mashariki haya ni maisha ya kawaida. Watu wengi wa umri wetu walisajiliwa walipohitaji cheti, si walipozaliwa. Kwa afisa aliyezoea nchi ambako mtoto husajiliwa siku chache baada ya kuzaliwa, hiyo ni dalili ya udanganyifu. Kwa hiyo usimwachie aifasiri mwenyewe. Weka pamoja na cheti kipya ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kadi ya maendeleo ya shule ya msingi, cheti cha darasa la saba. Kama majina yanatofautiana, fanya marekebisho kwa msajili kabla ya kuomba, si baada ya kuulizwa. Kwa Tanzania Bara msajili ni RITA. Kiapo cha mahakamani kinasaidia kueleza tofauti, ila peke yake hakiwaridhishi.

Waandae ndugu. Mgeni mwenye mkoba akifika kijijini kuuliza habari za binti aliyeolewa Ulaya, mama mdogo mwenye busara atasema "simjui huyo", akidhani anamlinda. Jibu hilo linaandikwa kwenye ripoti. Waambieni watu watatu au wanne wanaojulikana kwamba anaweza kuja mtu, na kwamba waseme wanachokijua bila kupamba.

Talaka ni shimo la peke yake. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, ndoa ile lazima iwe imevunjika kwa karatasi inayotambulika na dola. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa ivunjwe na mahakama, hata kama mume alishatoa talaka kwa taratibu za dini. Karatasi ya sheikh haitoshi. Kwa Waislamu wa Zanzibar na wa Kenya, ni mahakama ya kadhi. Halafu kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulijua akiwa amechelewa: talaka iliyotolewa nje ya Ujerumani huenda ikahitaji kutambuliwa kwanza na mamlaka ya sheria ya jimbo. Msamaha upo pale mahakama iliyowaachanisha ilikuwa ya nchi ambayo wote wawili walikuwa raia wake. Mtanzania aliyeachana na Mkenya kwa hukumu ya Dar es Salaam hayumo kwenye msamaha huo. Utambuzi huo ni maombi yenye foleni yake, kwa hiyo anza nao mapema.

Kuhusu Kijerumani: isipokuwa kwa makundi yaliyosamehewa, kama wenza wa wenye Blue Card (kibali cha wataalamu), unatakiwa cheti cha A1, yaani kiwango cha kwanza cha lugha. Goethe-Institut ipo Nairobi na Dar es Salaam, na mtihani ni mfupi: kusikiliza, kusoma, kuandika na mazungumzo, jumla kama saa moja na nusu, na kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Cheti chenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja huleta maswali, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno ukakaa miaka miwili kutafuta hati. Mwenza wa raia wa Ujerumani aliyejaribu kwa dhati mwaka mzima bila kufaulu, au asiyeweza kabisa kufikia masomo, ana hoja: Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani ilisema hivyo mwaka 2012. Lakini juhudi hizo zionekane kwa risiti za ada, barua za shule na matokeo ya mitihani uliyofeli. Usitupe karatasi ya kufeli.

Miezi mitatu ikipita

Sheria ya mahakama za utawala ya Ujerumani, kifungu cha 75, inaruhusu kuishtaki ofisi iliyokaa kimya. Kesi hiyo inaitwa Untätigkeitsklage, na kwa kawaida haiwezi kufunguliwa kabla ya miezi mitatu kupita tangu ombi kupokelewa. Kwa viza, kesi inakwenda Mahakama ya Utawala ya Berlin bila kujali mwenza anaishi jimbo gani. Kwa kibali cha mtu aliyekwisha kuingia nchini, ni mahakama ya utawala ya eneo lake.

Watu huiogopa bure au huikimbilia bure. Haiombi fadhila na haimkasirishi mtu kiasi cha kukuharibia. Ofisi za Ujerumani zimezizoea kesi hizi. Upande wa pili, mahakama haitoi viza kwa sababu muda umepita tu. Kwanza inauliza kama kuna sababu ya kutosha ya kuchelewa. Ukiwa hujaleta cheti ulichoombwa, au uchunguzi wa hati unaendelea kijijini, sababu ipo, na mahakama itaipa ofisi muda zaidi. Kwa hiyo kesi inafaa faili likiwa kamili na ofisi ikiwa haina la kusubiri. Siku ya kuamua kushtaki, kagua kila barua mliyopokea na hakikisha kila kilichoombwa kimetumwa, na kuna ushahidi wa kutumwa.

Kabla ya hapo andika barua moja ya onyo. Itaje namba ya faili, tarehe ya ombi, tarehe hati ya mwisho ilipopelekwa, na itoe siku kamili ya mwisho, kwa mfano wiki tatu mbele, ikisema kwamba siku hiyo ikipita kesi itafunguliwa. Itume kwa njia yenye ushahidi wa kupokelewa. Faili nyingi huamka kwa barua hii peke yake.

Ada ya mahakama katika kesi za namna hii ni karibu euro 500, na inadaiwa mara kesi inapofunguliwa. Ofisi ikiamua baada ya kushtakiwa, na ikaonekana ulikuwa na haki ya kutegemea uamuzi kabla ya hapo, gharama zinaiangukia yenyewe. Katika ngazi hii ya kwanza wakili si lazima, ila maandishi yote ni kwa Kijerumani, na aliye nje anahitaji anwani ya kupokelea barua ndani ya Ujerumani. Ya mwenza inatosha. Mwenza mwenyewe anaweza kuwa mdai pia, kwa kuwa haki ya familia ni yake vilevile. Mwenye kipato kidogo aende kwanza mahakama ya mwanzo ya mtaani kwake, Amtsgericht, aombe hati ya msaada wa ushauri. Akiwa nayo, ushauri wa wakili humgharimu euro 15. Washauri wa wahamiaji wa mashirika ya misaada ya Caritas, Diakonie na AWO hawatozi chochote, na barua ya onyo wanaijua kwa moyo.

Malalamiko kwa mkuu wa ofisi kuhusu mwenendo wa karani yapo kisheria. Sijui mtu wa kumshauri ayatumie.

Viza ikikataliwa, jihadhari na ushauri wa zamani. Zamani uliweza kuuandikia ubalozi barua ya pingamizi, Remonstration, ukaomba wafikiri upya. Tangu tarehe 1 Julai 2025 njia hiyo imefutwa duniani kote. Kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea barua ya kukataliwa. Mwezi huo unapita haraka kwa aliyekaa akisubiri jibu la pingamizi ambalo halitasomwa.

Umeshaingia, kadi haitoki

Viza ya kuungana na familia ni ya miezi michache tu; kibali chenyewe, kinachotolewa kwa kadi, unakiomba ukiwa ndani. Unajisajili kwa ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi hapo. Kisha ofisi ya wageni. Tuseme miadi ya karibu ni baada ya miezi minne, na viza inaisha baada ya miwili. Hapa ndipo watu hupata kichaa, na hapa ndipo sheria iko upande wao kuliko wanavyodhani.

Kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi kinasema kwamba ukiomba kibali kabla viza ya kitaifa (ile ya muda mrefu uliyoingia nayo) haijaisha, haki zilizomo kwenye viza hiyo zinaendelea mpaka uamuzi utolewe. Neno zito ni "ukiomba". Si "ukipata miadi". Kubofya tarehe kwenye kalenda ya ofisi kunaweza kusihesabike kuwa ombi. Tuma ombi lenyewe: kwa fomu ya mtandaoni kama mji unayo, au kwa barua yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, sentensi isemayo unaomba kibali cha ukaazi cha mwenza, sahihi, nakala ya pasipoti, viza na cheti cha ndoa. Barua ya rejista, au uipeleke mwenyewe kwenye sanduku la ofisi mbele ya shahidi. Ukichelewa hata siku moja, ulinzi huo hauji wenyewe. Unabaki kuiomba ofisi ikuhurumie, na kuieleza kwa nini.

Ukishaomba, dai hati ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ni haki yako kupewa, ada yake ni euro 13. Ukiipokea, usiiweke mfukoni kabla ya kusoma ni kisanduku gani kimetiwa alama. Unachotafuta ni kile chenye maandishi "81 Abs. 4": hicho ndicho kinachoendeleza viza yako pamoja na ruhusa ya kazi, na ndicho kinachokuwezesha kutoka na kurudi ukiibeba pamoja na pasipoti na viza iliyoisha. Visanduku vingine havikurudishi nchini. Makarani hukosea hapa, na kosa hilo ni rahisi kulirekebisha palepale kaunta kuliko uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwa na begi mkononi. Mwajiri akisitasita, mwonyeshe kisanduku hichohicho.

Ulinzi huu haumhusu aliyeingia kwa viza ya Schengen ya matembezi. Sheria imeiondoa waziwazi viza hiyo kwenye ulinzi huu. Ile mbinu maarufu ya kuja kwa matembezi, kufunga ndoa Denmark na kuomba kibali Ujerumani imewarudisha wengi nyumbani kuanza foleni upya.

Angalia pia pasipoti. Kibali hakizidi uhai wa pasipoti, na pasipoti yenye miezi sita iliyobaki itakupa kadi ya miezi sita, kisha foleni ileile tena. Ipyaishe mapema. Kibali cha kwanza kinagharimu euro 100. Baada ya ofisi kukubali, kadi inachapishwa Berlin na kwa kawaida hufika baada ya wiki nne hadi sita, kwa hiyo wiki hizo usizihesabu kuwa uzembe.

Kama mwenza wako ni raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, tuseme Mwitaliano anayefanya kazi München, karibu yote yaliyo juu hayakuhusu. Sheria yenu ni ya uhuru wa kutembea wa raia wa Ulaya: hakuna A1, hati ya kuthibitisha kwamba umeomba inatolewa papo hapo, na kadi inapaswa kutoka ndani ya miezi sita. Makarani wengine huwapa watu hawa fomu ya kawaida na kuwadai hati za mshahara za mwaka mzima. Taja kwa jina sheria ya FreizügG/EU, kifungu cha 5, na uombe kuhudumiwa chini yake.